Sauti Yangu, Jina la Shekinah

Alhamisi iliyopita Furaha aliletwa shuleni kwetu, akasimamishwa mbele ya asembli kati ya piano isiyopigika na kombe la netiboli, na mwalimu wetu wa muziki, mtu mwema asiyeweza kutamka jina la mtu yeyote aliyezaliwa mbali na Birmingham, akamtambulisha kama mwanamke wa kwanza kuimba reggaeton kwa Kiswahili katika nchi hii. Aliyefungua njia, akasema. Mfano kwa wasichana wote. Tukapiga makofi, nami nikapiga, maana ni kweli. Hapo ndipo panaponikera: hakuna hata neno moja la uongo lililosemwa mpaka wakati wa maswali, pale kijana mmoja wa madarasa ya chini aliponyoosha mkono na kuuliza, yule msichana anayewachamba wanaume katikati ya wimbo ni nani? Furaha akatabasamu kwa meno yote. "Ah, ni Shekinah," akasema. Mimi nilikuwa safu ya nne. Alikuwa ameshaniona. Katika ukumbi ule nimetolewa nje kwa sababu ya mdomo mara nyingi kuliko viti vilivyovunjika, na siku hiyo, walahi, nilikaa kama gunia la mchele. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Unaumwa?" Nikamwambia nimekula chakula cha kantini. Ndio mzaha pekee nilioupata, na wenyewe ulikuwa wa kuazima.

Nina miaka kumi na saba, na najua inachekesha mtu wa umri wangu kusema "enzi zile" kama bibi anayetafuta meno yake. Lakini mwaka ule wa darasa la kumi uko mbali na mimi kuliko utoto wangu wote wa Eastleigh. Ulianza kwa nywele. Mama alichoka kupigana na kichwa changu, akasikia kwamba kuna dada wa Kikongo kule Acocks Green anayesuka nyumbani kwake, mikono miepesi, wanaume hawaingii sebuleni. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Kulikuwa na Deo, mtayarishaji wa muziki, ambaye mchana alipeleka vyakula vya watu kwa baiskeli na saa zilizobaki alijifungia katika chumba cha kulala cha Furaha, ambacho kilikuwa na kila kitu isipokuwa kitanda. Godoro lilisimamishwa ukutani kuzuia sauti. Kabati lilitolewa nguo, likatiwa maikrofoni, likatundikwa mablanketi mazito ndani, na mwimbaji aliingia humo akafunga mlango kama mtu anayejificha askari wasimwone. Furaha mwenyewe aligeuza kiti chake cha kusukia kikaelekea mlango wa chumba hicho, ili vidole viwe kwenye kichwa cha mteja na masikio yawe kwa Deo.

Mdundo wa reggaeton ni mmoja tu, mtu asikudanganye. Ni kama chapati: unga uleule, maji yaleyale, na bado ya mtu huyu unaila na ya mtu yule unampa paka. Tum-ku-tum, tum-ku-tum, siku nzima. Furaha aliujulia Uhispania, alikopita miaka kadhaa kabla ya kufika huku, na aliniambia kwamba katika nyimbo zote alizozisikia kule mwanaume huamuru na kiuno cha mwanamke hutii. Sogea, inama, zunguka. "Ile muziki minaipenda," alisema huku akinivuta nywele za kisogoni mpaka nikaona babu zangu, "lakini inanipenda hapana. Basi mi nitaimba ile amri kwa wanaume." Na ndivyo alivyofanya. Aliimba kwa sauti nzito, tulivu, ya mtu anayekuambia uvue viatu mlangoni. Ukumbi mmoja wa mjini unaopiga muziki wa Kilatini ulimjibu kwamba Mwafrika aimbe nyimbo za Kiafrika. Watu wa kanisa lake walimwambia aimbe injili. Wenye sherehe za Kikongo walimwambia aimbe rumba, na kama ni lazima iwe hiyo takataka ya Kizungu, basi aweke mwanaume kwenye kiitikio. Alinisimulia haya yote bila kulalamika, kama mtu anayetaja vituo vya basi.

Siku ile ya kwanza Deo alikuwa anarudia kipande ambacho Furaha ameimba, halafu kinafuata kitupu, mdundo mtupu, hakuna mtu. Mimi siwezi kuona kimya kikikaa peke yake. Nikaanza kukijaza. Kichwa kimeshikwa, shingo imepinda, nikamjibu mwanaume wa kwenye wimbo: "Kaka, punguza marashi, hapa si vita vya mbu! Umesema una gari, mbona unanuka basi? Rudi nyumbani, mama yako ameanua nguo zako!" Furaha akaacha kusuka. Mlango ukafunguliwa, Deo akatoka na vipokea sauti shingoni, macho yamemtoka.

"Nani anaongea vile?"

"Ni huyu mutoto," Furaha akasema.

"Huyu mwembamba? Hiyo sauti anaiweka wapi?"

Nusu ya kichwa changu ikiwa imesukwa na nusu imesimama kama nyasi, waliniingiza ndani ya kabati. Deo alinieleza kupitia mlango kwamba kwao wimbo wa kuchezwa lazima uwe na atalaku, mtu ambaye haimbi, kazi yake ni kupiga kelele watu wakicheza: kuwachochea, kuwataja, kuwatania. "Wimbo bila atalaku ni harusi bila shangazi," alisema. "Watu watakula, watarudi nyumbani, hakuna atakayekumbuka bwana harusi alikuwa nani." Furaha alikuwa na mdundo wa Kilatini na maneno ya Kiswahili, alikosa shangazi. Nikatoka kabatini nimelowa jasho, na yeye amekaa chini akicheka mpaka wanja umemshuka. Akanipa jina papo hapo: Chiriku, yule ndege mdogo asiyejua kufunga mdomo. Nami nikamwita Yaya, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, jambo lililomfanya mama yangu wa Nairobi aulize tumeajiri mfanyakazi lini.

Mwaka ule nilikuwa kule kila Jumamosi. Nikifikiri sasa, naona nilipenda sebule ile kuliko muziki wenyewe: harufu ya nywele zilizochovywa maji ya moto, wanawake wa Kikongo na wa Kenya na mmoja wa Tanga wakibishana kama ugali ni bugali au ni fufu, watoto wao wakijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Furaha alipika sombe, kisamvu cha kwao, na ndakala, samaki wadogo kama kucha, akaninunulia kuku wa halali huko kwetu Alum Rock na kumpika katika sufuria ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Nilipoweka ndizi mbivu juu ya wali, kama Msomali yeyote mwenye akili timamu, alisema, "Chiriku, Mungu anakuona." Sijawahi kupikiwa sufuria ya peke yangu mahali popote. Siku hizi nikisikia watu wakisema fulani alikuwa mbaya tangu mwanzo, nawaonea wivu. Wao angalau hawana sufuria ya kuikumbuka.

Ni kwenye jiko hilo aliponisimulia habari ya Uhispania. Alikuwa ameimba kiitikio cha wimbo wa mwanaume mmoja wa mtaani kwao, bure, kwa ahadi. Wimbo ukapendwa. Video ilipotoka, aliyekuwa anafumbua mdomo alikuwa msichana mwingine, mweupe, kiuno kama shingo ya chupa, na jina lililoandikwa lilikuwa la msichana huyo. Furaha alikwenda kwenye maonyesho ya mtaa, akasimama karibu na mtu anayeuza maandazi marefu ya kukaangwa, akaisikia sauti yake ikitoka jukwaani kwenye mdomo wa mtu asiyemjua. "Nilinunua ile maandazi, nikala yote nikilia," alisema, anakoroga sombe. "Sukari na kamasi. Watu waliniambia, sasa unalia nini, si wimbo umependwa?" Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Mimi, Chiriku, sitamfanyia muntu vile. Hata adui." Sikumwomba aape. Aliapa mwenyewe.

Kisha Deo akanifundisha habari ya kurusha jina. Katika muziki wao, mwimbaji hutaja majina ya watu ndani ya wimbo: aliyemsaidia, aliyemlisha, anayempenda. Watu hupigania nafasi hiyo. Kuna wanaume wazima wanaoweza kukosa kodi ya nyumba ili watajwe kabla ya gitaa. Jina likisharushwa, linabaki humo, wajukuu watalicheza. Furaha akasema kwamba mimi nitarushiwa jina mahali pazuri kuliko pote, kabla tu sijaanza kuongea. Mdundo unakatika, yeye anaita, "Chiriku, waambie!" na mimi naingia. Tulirekodi hivyo. Nilisikiliza kipande hicho kwenye simu njia nzima, ghorofa ya juu ya basi, nikitabasamu na kioo kama mwendawazimu.

Ikabaki mama. Ningeweza kumdanganya, nina kipaji, lakini wimbo ulikuwa karibu kutoka na Alum Rock ni barabara moja ndefu yenye masikio. Nikamweleza akiwa jikoni anamimina uji wa anjera kikaangoni, kwa sababu mtu anayemimina anjera hawezi kukukimbiza. Mama hukasirika kwa Kisomali na hucheka kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua mara moja tulipokuwa. Kisomali kikamalizika kwenye anjera ya nne. Halafu akageuka.

"Huo wimbo una matusi?"

"Una ukweli, mama."

"Hodan."

"Hauna matusi."

"Picha hapana. Unanisikia? Picha haipotei, itakufuata mpaka siku ya nikahi yako. Na jina la baba yako hapana."

"Na sauti?"

Akaitazama anjera ikitoboka matundu. "Sauti yako mimi mwenyewe nimeshindwa kuinyamazisha miaka kumi na mitano. Na hilo jina la ndege, haya, chukua. Anayekujua atakujua."

Nilimpelekea Furaha masharti hayo kama mjumbe wa mfalme: uso hapana, ukoo hapana, sauti ndiyo, Chiriku ndiyo. Akanikumbatia. "Voilà! Kwani uso ndio unaimba?" Nataka hili likae wazi, maana baadaye lilipakwa matope. Alijua. Nilimwambia nimesimama sebuleni kwake, Deo akiwepo, mteja mmoja akiwa na povu kichwani. Katika wimbo ule sikuwa na uso, sikuwa na ukoo. Nilikuwa na neno moja la kuitwa nalo, na nililipata kwa anjera nne za Kisomali.

Wiki chache kabla ya uzinduzi nilifika mapema, nikawa navua viatu pale kwenye ujia, nikawasikia chumbani. Hawakuwa wakipiga kelele. Deo alisema, "Ni neno moja tu, nalikata, naweka lingine." Furaha akasema, "Na mutoto?" Kisha ni yeye mwenyewe tena, Furaha, aliyejijibu: "Mutoto ni muchekeshaji. Atacheka." Nikaingia nikisema hodi kwa sauti ya mhudumu wa treni, wote wakaruka, na mimi nikafurahi kwamba nimewashtua. Nilidhani mutoto ni mtoto wa mtu mwingine. Kichwa changu, kinachoweza kumtungia mwalimu wa hesabu majina ya utani sita kabla ya kengele, hakikuweza kuunganisha vipande viwili vya maneno. Unapompenda mtu unakuwa mjinga hasa kwenye somo unalofaulu.

Uzinduzi ulikuwa Erdington, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi nyuma ya barabara ya maduka. Mwenye ukumbi alikuwa mzee mmoja wa Kikongo aliyependa suti za rangi ya maziwa. Tulimwita Baba Shekinah, kwa sababu alikuwa na binti wa rika langu na hakuongelea kitu kingine. Nilivaa mtandio mpya wa zambarau. Nilichagua mahali katikati, mbali na kamera, kama nilivyoahidi nyumbani. Ukumbi ulijaa: mashangazi wa Bukavu na vitenge vyao, vijana wa Kenya wa kusimama ukutani na kusema "noma" kwa kila kitu, hata Walatini watatu wanne wa ule ukumbi uliomkataa zamani. Furaha akatoka na suruali ya ngozi na kilemba cha kitenge, akaimba ile amri yake tulivu, na nawaambia kweli, kwanza wanaume walicheka, halafu nusu yao wakavua makoti kama walivyoamriwa. Nililia kwa fahari. Nilikuwa nimesimama pale ambapo kitu kinaanza duniani.

Mdundo ukakatika. Nikavuta pumzi.

"Shekinah, waambie!"

Na sauti yangu ikatoka kwenye spika. Marashi, mbu, gari, basi. Sauti yangu ileile yenye mkwaruzo, na kile kicheko kidogo mwishoni nilichokicheka kwa sababu blanketi la kabatini lilinitekenya sikio. Jukwaani alikuwa Shekinah, gauni la dhahabu, akifumbua mdomo nyuma kidogo ya maneno, kama samaki aliyechelewa. Ukumbi ukapasuka. Mama mmoja kando yangu akapiga paja: "Huyu mutoto alilelewa vibaya, lakini vizuri!" Kumbe na mimi nilikuwa nayasema maneno hayo, kwa sauti, bila kujua, mdomo ulikuwa umeingia zamu yake wenyewe. Msichana wa mbele yangu akageuka, akanikagua kuanzia mtandio mpaka viatu, akamwambia mwenzake kwa Kiingereza, "Huyu naye anamuiga Shekinah."

Nilimkuta Furaha kwenye chumba cha nyuma, ana sahani ya pilau na jasho la ushindi. "Chiriku!" akaita, mikono wazi. "Uliwaona? Uliona vile walishtuka?"

"Jina langu liko wapi?"

Mikono ikabaki wazi kidogo, haina mtu ndani. "Chérie, ju ya mama yako. Nilikuchunga weye. Watu wa msikitini wangeuliza, Chiriku ni nani, mama angeumia."

"Mama alikubali. Nilikuambia. Ulisema uso hauimbi."

Akaiweka sahani chini. Akaangalia mlango, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia hata ndani ya kabati, "Hakuna aliyenipa ukumbi mwaka mzima. Hakuna. Yule mzee alitaka kitu kimoja." Kisha akajaribu kunifinya shavu. "Ah, Chiriku. Si unacheka? Weye unachekaka kila kitu."

Ndilo jambo ambalo sijamsamehe. Ukumbi naelewa. Kukosa mlango mwaka mzima naelewa, niliuona. Lakini alitazama kila mtu aliyekuwa karibu naye akitafuta wa kumkata, akanichagua mimi kwa sababu ninachekesha. Alidhani kuna mahali ndani yangu ambapo hakuna kitu, panapojazwa na vichekesho, na kwamba pale mtu anaweza kuchimba tu. Wenzangu darasani bado wanafikiri hivyo, na mwalimu wa muziki pia. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Nyumbani sikusema kitu. Nikala kimya, nikaosha vyombo kimya, siku ya kwanza, ya pili. Ya tatu mama akasimama mlangoni kwangu. "Nyumba hii imekuwa kama ofisi ya uhamiaji," akasema. "Nani amekufa?" Nikampa simu. Alikuwa hajawahi kuusikia wimbo wenyewe. Alikubali bila kusikiliza, kama mtu anayemeza dawa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni, uso umekunjwa kwa kile kiuno na zile amri. Kisha nikaona amefika kwenye kipande changu. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Shekinah ni nani?"

"Binti wa mwenye ukumbi."

"Na huyu anayeongea ni wewe."

"Ni mimi."

Hakusema "nilikuambia". Namshukuru mpaka leo. Akauliza namba, akapiga, akaweka spika juu ya mto katikati yetu. Furaha akapokea huku mashine ya kukausha nywele ikivuma nyuma yake.

"Mimi ni mama wa ile sauti," mama akasema.

Mashine ikazimwa. "Mama, shikamoo. Mama, minaomba tu unielewe, mimi niliogopa ju ya dini yenu—"

"Dini yangu niachie mwenyewe. Nilimpa mtoto ruhusa na wewe uliambiwa. Si uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Basi rudisha jina lake."

"Wimbo umeshatoka, mama. Uko kwa simu za watu." Akapumua. "Mimi pia walinifanyia vile, kule nilitoka. Vilevile. Nilivumilia, na leo niko apa."

Mama akanitazama, kisha akaitazama simu kana kwamba kuna mtu amekaa ndani yake. "Kwa hiyo ulijua panauma wapi."

Kimya kilikaa pale juu ya mto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikukijaza.

"Nilijua, mama," Furaha akasema mwishoni, na sauti yake haikuwa ya uongo hata kidogo. "Ndiyo maana nilijua atapona."

Mama akakata simu. Akabaki ameishika mkononi, na mimi nikangoja kitu cha kuchekesha kije, kwa sababu huwa kinakuja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Furaha alikuwa ameshanipima nitachukua muda gani kupona, kabla hajanipiga.